Kima, papa na vizibo vya soda: kisa kimoja, wiki nzima

Nafundisha darasa la awali Tanga, watoto wa miaka minne na mitano. Zamani nilihangaika kutafuta hadithi mpya kila siku. Sasa kisa kimoja kinanitosha Jumatatu hadi Ijumaa. Nikipendacho ni cha kima na papa, ambacho wazee wa Unguja walikuwa wakikisimulia kabla hata mmisionari Mwingereza Edward Steere hajakichapisha mwaka 1870.

Hatua ya kwanza: ukijue kisa bila kitabu. Ukiinamia kusoma, walioko nyuma wanaanza kuvutana mashati. Kaa nao jamvini, sema "Paukwa!", ngoja waitikie wote "Pakawa!", ndipo uanze. Mkuyu umeota ufukweni, matawi yamening'inia juu ya maji. Kima anakula makuyu, mengine anamrushia rafiki yake papa. Siku moja papa anamkaribisha kwao, anampakia mgongoni. Wakifika katikati ya bahari anamwambia: sultani wetu anaumwa, dawa yake ni moyo wa kima.

Hatua ya pili: nyamaza hapo hapo. Walimu wengi hatuwezi, ulimi unawasha. Uliza, "Ungekuwa wewe kima, ungesemaje?" Usimsahihishe mtu. Mwaka jana mmoja alijibu, "Namwambia nina kikohozi, sultani atazidi kuumwa." Jibu la kima mwenyewe, kwamba moyo kauacha mtini na sharti warudi kuuchukua, liweke hadi kesho. Utaona watakavyowahi.

Hatua ya tatu, hesabu. Chora mstari wa chaki sakafuni: huku nchi kavu, huku bahari. Vizibo vya soda ndio makuyu. Kingo zake zina makali, zigonge kwanza kwa nyundo. Kima arushe vitano. Vingapi vimeangukia baharini? Vingapi vimebaki nchi kavu? Mara vitatu na viwili, mara vinne na kimoja, na bado ni vitano vile vile. Hapo hujaandika kitu ubaoni. Ila vihesabu unapovitoa na unapovikusanya, maana vizibo hupenda kuishia midomoni.

Hatua ya nne ndiyo inayonifurahisha zaidi. Kila mtoto aweke kiganja kifuani, asikilize. Kisha waruke mara kumi, waweke tena. "Haya, mtu anaweza kuuacha moyo nyumbani?" Watabishana mpaka kengele.

Alhamisi wape udongo wa mfinyanzi wamuumbe papa. Vidole vinapata nguvu ya kushika penseli, na wewe unapumzika kidogo.

Ijumaa wasimulie wao. Wawili washike khanga ncha kwa ncha, waitikise iwe bahari. Kima akishapanda mtini, yaani kitini, anatakiwa anyamaze kimya huku papa anaita chini: "Twende zetu!" Sijapata bado kima aliyeweza kunyamaza. Wote huangua kicheko, nami huwaacha.