Kulinganisha Kislovenia na Kijapani kwa kuhesabu vitabu

Usianze na maandishi. Anza na hesabu, ndiko lugha hizi zinakoachana waziwazi. Chora safu mbili, uandike kitabu 1, 2, 3 na 5.

Kislovenia: ena knjiga, dve knjigi, tri knjige, pet knjig. Maumbo manne! Kuna umoja, uwili na wingi, na kuanzia 5 nomino huchukua umbo la umilikaji. Kitenzi nacho hufuata: knjiga je, knjigi sta, knjige so, lakini pet knjig je, kwa umoja, na hapo wengi hukwama. Mtego mwingine ni 102: knjigi hurudi, kwa sababu kinachotazamwa ni mwisho wa namba. Miguu yako, ingawa ni miwili, kwa kawaida husemwa kwa wingi, noge.

Kijapani: hon issatsu, hon nisatsu, hon sansatsu, hon gosatsu. Hon, yaani kitabu, haikuguswa. Namba ndiyo iliyobandikwa satsu, kihesabio (neno dogo la kuhesabia) cha vitabu. Penseli, kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, huhesabiwa kwa kihesabio hon (si hon ya kitabu): ippon, nihon, sanbon. Ukisema "sanhon" umekosea, na mabadiliko hayo ya sauti ni ya kukariri tu. Karatasi huchukua mai.

Mswahili atadhani vihesabio ni ngeli. Hapana: ngeli husambaa hadi kwenye kitenzi (vitabu viwili vimepotea), satsu huishia kwenye namba. Kwa upatanisho, Kislovenia ndicho kilicho karibu nasi.