Kitambaa cha suti kwa mtu wa pwani: kukichagua, kukioanisha na kukitunza

Wateja wengi huja kwa fundi na picha ya suti kwenye simu, na kitambaa tayari wameshakinunua. Hapo fundi hana tena la kushauri. Mshono mzuri haukiokoi kitambaa kibaya: asubuhi koti linakaa vizuri mabegani, lakini ikifika saa nane mchana shati limegandana na mgongo na suruali imejikunja nyuma ya magoti. Mimi nashona Dar es Salaam, kwa hiyo maelezo haya yamemlenga kwanza mtu wa joto, awe Tanga, Mombasa, Unguja au Mtwara. Anayeishi Arusha, Nairobi, Mbeya au Bukavu nitamtaja pale mambo yanapobadilika.

Hatua ya 1: Jua suti inakwenda wapi

Suti ya ofisi yenye kiyoyozi, suti ya harusi ya mchana kanisani na suti ya ukumbini usiku si kitambaa kimoja. Ya ofisini itavaliwa kila wiki, kwa hiyo inahitaji uimara kuliko ulaini. Ya mchana inahitaji hewa kuliko kitu kingine chochote.

Uliza pia kama vazi lenyewe linaruhusiwa unakokwenda. Kaunda suti, iliyopata jina kwa rais wa kwanza wa Zambia, ni vazi la heshima kwetu na linafaa hali ya hewa yetu, lakini Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku katika Bunge la Kenya. Ni vizuri kujua mapema, kabla hujamlipa fundi.

Hatua ya 2: Kijaribu kitambaa dukani

Usianze na maandishi ya ukingoni. Majora mengi yamepigwa chapa ya Uingereza au Italia na namba kubwa za "Super", kumbe ndani ni poliesta tupu. Yenye alama ya "TR" walau yanasema kweli: ni poliesta na viskosi (uzi laini unaotokana na mti). Amini mikono yako zaidi ya chapa.

Kamata kitambaa kwenye ngumi, kibane kwa nguvu uhesabu mpaka kumi, kisha kiachie. Sufu nzuri hujinyoosha yenyewe ndani ya muda mfupi na kubaki na mikunjo hafifu. Kitani kitabaki kimekunjamana, na hiyo ndiyo tabia yake. Anayetaka kitani akubali mikunjo yake. Poliesta nayo hujinyoosha haraka, kwa hiyo jaribio hili peke yake halitoshi.

Sasa kiinue kuelekea mwanga. Kwenye kitambaa kilichofumwa wazi, uzi mmoja juu na mmoja chini, utaona vitundu vidogo vya mwanga kati ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana. Kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita mpaka uihisi kwenye kiganja upande wa pili, hata upepo wa baharini utapita. Kilichofumwa kwa mshazari, kama gabadini, hubana zaidi. Kinadumu na kinaanguka vizuri, lakini kinafaa zaidi nyanda za juu.

Jaribio la mwisho ni moto. Omba kipande kidogo au chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, mbali na majora. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzima yenyewe, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba na kitani hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki donge gumu lisilopondeka. Mchanganyiko huonyesha tabia zote mbili, kwa hiyo ukikuta donge ndani ya jivu, ujue sufu yako ina mwenzake.

Mwenye duka akikataa kabisa kukupa hata nyuzi mbili, mimi ningeenda duka la pili.

Hatua ya 3: Elewa uzito na namba

Uzito huhesabiwa kwa gramu za mita moja ya jora lenye upana wa kawaida wa inchi 58 hadi 60. Wauzaji wa kizamani hutaja aunsi kwa yadi. Aunsi 8 ni kama gramu 250. Kwa pwani natafuta kati ya gramu 220 na 270. Kwa Nairobi ya mwezi wa Julai, au Njombe, panda hadi 300 na zaidi bila wasiwasi.

Watu wengi huamini kwamba kadiri kitambaa kilivyo chepesi ndivyo kilivyo baridi. Si lazima. Sufu ya gramu 270 iliyofumwa wazi kwa nyuzi zilizosokotwa sana hupitisha hewa kuliko ya gramu 210 iliyobanwa, na kwa sababu ina uzito kidogo, suruali huning'inia wima badala ya kung'ang'ania mapaja. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote.

Namba za "Super" zinahusu wembamba wa unywele wa sufu. Super 100 ni maikroni (elfu ya milimita) 18.75 au chini ya hapo, Super 120 ni 17.75, Super 150 ni 16.25. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa laini zaidi na pia dhaifu zaidi. Kwa mtu anayekaa kwenye daladala au bodaboda, Super 150 itaanza kuchakaa makalioni mapema. Chukua 100 au 110.

Hatua ya 4: Nunua mita za kutosha, na bitana inayostahili

Suti ya vipande viwili kwa mtu wa kawaida ni mita 3 hadi 3.5. Ukiongeza kizibao, ongeza nusu mita au zaidi kidogo. Kitambaa cha miraba nacho kinataka nusu mita ya ziada, kwa sababu mistari lazima ikutane mgongoni, ubavuni na mfukoni.

Bitana, kitambaa cha ndani ya koti, ndiyo inayosahaulika. Mtu ananunua sufu nzuri, halafu fundi anaijaza bitana ya poliesta kutoka kola hadi upindo, na ile hewa yote aliyoilipia inazibwa. Taka bitana ya viskosi, na koti la pwani liwe na bitana nusu: mabega, mikono na sehemu ya mbele tu, mgongo uachwe wazi. Ikishonwa hivi, mishono ya ndani itaonekana, kwa hiyo fundi aifunge vizuri.

Vijana wanapenda bitana ya kitenge. Inapendeza, lakini pamba haitelezi juu ya shati. Weka kitenge mgongoni, mikononi weka viskosi, la sivyo kila ukivaa koti mkono wa shati utapanda mpaka kiwiko.

Hatua ya 5: Kiloweshe kabla ya mkasi

Pamba na kitani viloweke kwenye maji, vianike kivulini, vipigwe pasi, ndipo vikatwe. Sufu usiiloweke. Tandaza juu yake kitambaa cha marekani (pamba tupu isiyotiwa rangi) kilicholowa na kukamuliwa, upige pasi ya mvuke polepole, kisha uiache ilale bapa mpaka ipoe. Isipotendwa hivi, suruali itafupika siku ya kwanza ikipelekwa kwa dobi.

Hatua ya 6: Oanisha

Toka nje na kitambaa. Taa za dukani hudanganya. Nevi bluu na nyeusi zinafanana ndani, na juani ni vitu viwili tofauti.

Kwa suti ya kwanza, chukua nevi bluu au kijivu cha mkaa. Nyeusi iache kwa misiba na sherehe za usiku, kwa sababu mchana huonyesha kila punje ya vumbi na hung'aa haraka makalioni. Baada ya hapo usiogope rangi. Kahawia ya tumbaku, kijani cha zeituni na rangi ya maziwa hukaa vizuri mno kwenye ngozi nyeusi, na nashangaa tunavyoziogopa.

Koti na suruali visivyo vya suti moja vitofautiane waziwazi. Koti la nevi na suruali ya nevi ya jora jingine huonekana kama suti iliyopoteza mwenzake; weka suruali ya kijivu hafifu au kaki. Kisichong'aa kiende na kisichong'aa: kitani na tai ya hariri inayometa havielewani, bora tai ya hariri iliyofumwa kwa nyuzi nene. Ukivaa michoro miwili, isilingane ukubwa: miraba mipana kwenye koti, mistari myembamba kwenye shati.

Koti juu ya kanzu, kama tunavyovaa Idi na harusini, lina jambo lake. Kanzu haina kola, hivyo kola ya koti inagusa shingo moja kwa moja. Chagua sufu laini, kijivu au nevi bila michoro, uache kofia ya kiua ipambe.

Hatua ya 7: Tunza

Usivae suti ile ile siku mbili mfululizo. Ukirudi, itundike kwenye henga pana la mbao karibu na dirisha ikauke jasho, kisha uipige brashi ya manyoya laini kutoka juu kwenda chini. Mikunjo midogo huisha ukiitundika bafuni wakati wa kuoga maji ya moto.

Dawa za draiklina huondoa mafuta, lakini chumvi ya jasho huitaka maji. Kwa hiyo futa bitana ya kwapani na ndani ya kola kwa kitambaa chenye unyevu, uache ikauke. Ukifanya hivyo, mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha kumpelekea dobi. Joto la dobi la kila wiki hulegeza gundi inayoshika kitambaa cha kukaza ndani ya koti, na mbele ya koti kunatokea malengelenge yasiyorudi.

Pasi isiguse sufu moja kwa moja. Weka marekani yenye unyevu katikati. Anayetumia pasi ya mkaa aijaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu, maana punje moja ya kaa ikidondoka imekwisha.

Masika huleta ukungu, na viwavi vya nondo hula sufu, hasa yenye madoa ya jasho na chakula. Suti inayowekwa iwe imesafishwa na imekauka kabisa. Toa mfuko wa plastiki wa dobi, vika mfuko wa pamba, na kila baada ya wiki chache itoe ipate hewa kivulini. Naftalini hufukuza nondo, ila iwekwe mbali na watoto na isiguse nguo.

Mwisho, mwombe fundi akurudishie mabaki ya kitambaa na akuachie akiba ya inchi moja na nusu kwenye mshono wa nyuma wa suruali. Hifadhi mabaki hayo pamoja na suti. Likitokea tundu la nondo au la sigara, zinachomolewa nyuzi kutoka hapo na tundu linafumwa upya kwa sindano, kwa uzi wa jora lile lile.