Kabla hujapakia majina ya wafanyakazi kwenye direktori ya mtandaoni, pitia haya kwanza

Ukiwaambia watu tunatengeneza direktori ya wafanyakazi mtandaoni utaona wote wanakimbilia kubishana kuhusu programu, huyu anataka MySQL yule anataka sijui kitu gani, wakati hapo programu ndo jambo dogo kabisa. Shughuli iko kwenye lile faili la Excel utakaloletewa na afisa utumishi, na hilo faili haliji safi hata siku moja.

Kabla ya yote mkubaliane direktori ni ya nini. Ni ya kumpata mtu, basi: jina, cheo, idara, jengo gani chumba gani, ekstensheni ya simu ya ofisini na imeili ya kazini. Faili la utumishi litakuja na mshahara, akaunti ya benki, hali ya ndoa, mpaka jina la mama mzazi, alafu kuna bosi atasema "we pakia zote tutazificha baadae". Kataa kistaarabu. Ambacho hakijapakiwa hakivuji. Na Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao tangu 2019, kwaiyo namba binafsi ya simu na picha ya mtu visiende hewani kabla mwenyewe hajaambiwa vitaonekana wapi na nani ataviona.

Pili tafuta kitu cha kumtambulisha kila mtu, na jina sio hicho kitu. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwenye mafaili matatu anaweza kuwa mtu mmoja, na Asha Juma wawili wa idara moja wakawa kweli ni wawili. Serikalini cheki namba (ile namba ya mtumishi kwenye mfumo wa mishahara) inasaidia, kwingine tumieni namba ya mfanyakazi, na kama hamna, zitoeni kwanza ndo muendelee.

Sasa Excel yenyewe. Simu inayoanza na 0754 ukiiacha kama tarakimu inabaki 754, sifuri imeliwa, hiyo angalau inarudishika. Balaa ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu, kwaiyo aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1985 utamkuta ameandikwa 1.98503E+19, ukiibadilisha ile kolamu ionyeshe namba nzima unaona tano za mwisho zimegeuka sifuri, na faili likishasevuliwa hivyo hazirudi tena, labda urudi kwenye karatasi. Hata kama NIDA haiendi kwenye direktori (na isiende), maofisa wengi wanaitumia kusaka waliojirudia, hapo mapacha waliojiandikisha pamoja wanaweza kutokea kama mtu mmoja na ukamfuta mmoja wao. Dawa ni kuipanga kolamu iwe ya maandishi kabla ya kubandika chochote, na faili la CSV (la maandishi matupu, kolamu zake zinatenganishwa kwa koma) usilifungue kwa kubofya mara mbili, liingize kupitia menyu ya data uchague mwenyewe kila kolamu iwe nini. Tarehe nazo hivyohivyo, 03/04 kompyuta iliyosetiwa kimarekani inasoma Machi 4, ziandike 2024-04-03 yaishe.

Majina ya idara utakuta Fedha, FEDHA, Uhasibu, Fedha na Uhasibu, na nyingine ina nafasi tupu mwishoni ambayo kwa macho huioni. Tengeneza orodha moja rasmi, ipakie hiyo kwanza, wafuate wafanyakazi, mwisho kabisa ndo nani anaripoti kwa nani, maana mstari unaomtaja msimamizi ambaye bado hayumo sistimu itaukataa. Kwenye CSV, koma ya "S.L.P. fulani, Dodoma" inasukuma kolamu zote kulia kama haijafungwa ndani ya alama za kunukuu. Na kina Ng'humbi wasisahaulike, ile alama ya juu simu zingine zinaiandika iliyopinda na kibodi inaandika iliyonyooka, mtu anatafuta jina hapati wakati limo, kwaiyo chagua moja na faili lisevu kwa UTF-8, yaani ule mfumo wa kuhifadhi herufi unaobeba alama za kila aina.

Kupakia kwa majaribio usichukue kumi wa juu, chagua wasumbufu: mwenye majina manne, asiye na imeili, anayekaimu vyeo viwili, huyo wa Ng'. Bakapu iwepo na uwe umeshajaribu kuirudisha.

Pia muandike kabisa nani pale utumishi atakuwa na pasiwedi ya kubadilisha taarifa, kwa cheo chake. Akiondoka mfanyakazi asifutwe, awekewe alama kwamba hayupo na afichwe, sababu ukimfuta mkuu wa kitengo wale wote wa chini yake wanabaki wameelekezwa kwa mtu ambaye sistimu haimjui.