Kukagua miguu kila jioni: mwongozo kwa mwenye ugonjwa wa sukari

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya sukari huku West Nile, Uganda. Wengi wanaofika kwetu na kidonda kibaya mguuni husema neno lilelile: "Sista, lakini hakikuuma." Wanasema kweli. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na ya miguuni hutangulia kwa sababu ndiyo mirefu kuliko yote. Mishipa ya damu nayo huzidi kuwa myembamba, kwa hiyo kidonda hakipati damu ya kutosha ya kukiponya. Mtu anakanyaga mwiba shambani, anarudi, anakula, analala, na mwiba bado uko ndani. Kazi iliyokuwa ya maumivu sasa ni ya macho na mikono yako, kila siku.

Tayarisha beseni, sabuni ya kawaida, kitambaa laini kikavu, kioo kidogo, mafuta ya kupaka na tochi ya simu. Fanya jioni, ukishamaliza kutembea.

Hatua ya 1: Osha, lakini usiloweke

Pima maji kwa kiwiko kabla ya kutia mguu. Usipime kwa mguu wenyewe, maana ndio usiohisi. Watu wameungua hadi ngozi ikabanduka bila kujua. Maji yawe ya uvuguvugu tu, yasizidi nyuzi 37. Osha kwa dakika chache, kisha utoe. Mguu uliolowekwa muda mrefu ngozi yake hulainika na kuchanika upesi.

Hatua ya 2: Kausha katikati ya vidole

Unyevu ukibaki hapo, fangasi huota, ngozi hupasuka, na vijidudu hupata mlango. Ndugu zangu Waislamu, ninyi mnatawadha mara tano kwa siku, na hilo ni jema kwa usafi. Wekeni tu kitambaa kidogo mfukoni mkaushe vidole kila mara kabla ya kuvaa viatu. Na wakati wa kiangazi, adhuhuri, msipite peku kwenye saruji ya uani iliyochomwa na jua.

Hatua ya 3: Kagua

Hapa usiharakishe. Anza juu ya mguu, nenda kisigino, nyayo, halafu fungua kila kidole na umulike kwa tochi. Nyayo zitazame kwa kioo kilichowekwa chini. Kama macho yamepungua nguvu, mwite mtoto au mjukuu. Watoto wana macho makali na hupenda kupewa kazi ya maana.

Tafuta malengelenge, nyufa za kisigino, mikwaruzo, kucha iliyoingia nyamani na uvimbe. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Tumia mgongo wa kiganja: gusa mguu mmoja, kisha mwingine, mahali palepale. Upande ulio na joto kuliko mwenzake una shida inayoanza, hata kama hujaona jeraha. Angalia pia sugu. Sugu yenye doa jeusi katikati mara nyingi ina damu chini yake, na hapo kidonda kimeshaanza chini ya sugu bila kuonekana.

Ukikuta funza, usimchokonoe kwa pini wala mwiba. Nenda kituo cha afya atolewe kwa kifaa safi. Sugu nayo usiikate kwa wembe, hata kama mtu aliyekushauri ameifanya kwa miaka mingi.

Hatua ya 4: Mafuta na kucha

Paka Vaselini au mafuta mengine yasiyo na dawa kali juu ya mguu, kisigino na nyayo. Usipake katikati ya vidole. Kucha zikate moja kwa moja, bila kuchimba pembeni, kisha lainisha ncha kwa tupa ya kucha.

Hatua ya 5: Viatu

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba, hata ukienda chooni tu usiku. Kabla ya kuvaa kiatu chochote, kikung'ute na upitishe mkono ndani: kokoto, msumari, mdudu. Lugabire, yaani makubazi ya matairi, ni imara, lakini hupigiliwa misumari, na ncha hutokeza taratibu kadiri soli inavyolika. Sapatu zenye mkanda katikati ya vidole huchubua. Afadhali sendo pana yenye mikanda ya juu na ya nyuma.

Viatu vya mitumba vya soko la Owino kule Kampala au vya soko la kwenu havina ubaya, mradi kiatu kikutoshe kweli, na kwa mguu usiohisi huwezi kujua kwa kuvaa tu. Simama kwenye karatasi, mtu achore mguu wako, kata umbo hilo ulitie ndani ya kiatu. Likikunjika, kiatu kinabana. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kiatu kipya kivae saa moja au mbili, kivue, kagua. Soksi ziwe nyeupe au za rangi hafifu ili damu au usaha uonekane.

Usiku usiote moto wa sigiri kwa miguu. Chomeka neti vizuri chini ya godoro, kwa kuwa panya hung'ata vidole visivyohisi na mtu asiamke. Kwenye boda boda, angalia bomba la moshi lisikuguse unapopanda na kushuka.

Kujipima hisia nyumbani

Fumba macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa wepesi ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, sekunde moja au mbili kila kimoja, bila kusukuma. Wewe sema "kulia" au "kushoto" unapohisi. Usipohisi viwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua, waambie kliniki.

Ukikuta kidonda

Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa bandeji safi, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake. Jiki, unga wa betri, majivu, dawa ya meno: usitie hata kimoja. Usiukanyagie mguu huo. Hili ndilo gumu zaidi kwa watu wetu, kwa sababu kidonda hakiumi na shamba linasubiri, lakini kidonda kinachokanyagiwa hakifungi. Dawa za sukari endelea nazo, maana maambukizi huipandisha. Kukiwa na usaha, harufu, weusi, uvimbe unaopanda au homa, usingoje asubuhi; omba upelekwe hospitali.

Ukija kliniki, vaa viatu rahisi kuvua. Kama umepimwa sukari na presha na hakuna aliyetazama chini, sema kwa heshima: "Daktari, naomba uniangalie na miguu." Angalau mara moja kwa mwaka unastahili kupimwa hisia kwa uzi wa nailoni na kusikilizwa mapigo ya damu mguuni, na kama hisia zimeshapungua, mara nyingi zaidi ya hapo.