Chandimu kwenye simu: kukokotoa mpira unavyodunda ukutani kwa vekta

Natengeneza gemu ya chandimu inayochezwa kwenye uchochoro wa Tandale. Kwenye uwanja wa mstatili kazi ni nyepesi: mpira ukigonga ukuta unageuza alama ya x au ya y ya mwendo wake, basi. Uswahilini kila nyumba imekaa mkao wake, ukuta mmoja hivi na mwingine vile. Hapo ndipo napenda vekta, yaani mshale wenye urefu na mwelekeo unaoandikwa kwa namba mbili (x, y), maana hupimi pembe hata moja.

Hatua ya 1: mshale wa ukuta. Ukuta wangu unatoka (0, 0) hadi (4, 3). Badilisha nafasi za 4 na 3, kisha geuza alama ya namba ya kwanza: (−3, 4). Mshale huu unasimama pembemraba na ukuta. Ugawanye kwa urefu wake, √(9 + 16) = 5, upate n = (−0.6, 0.8). Usiruke mgawanyo huu, la sivyo msukumo wa ukuta utazidi mara 25 na mpira utapotea kwenye skrini. Pia n ielekee upande wanaochezea watoto, si ndani ya nyumba ya watu.

Hatua ya 2: mpira unaugonga ukuta kwa kasi gani? Mpira unakuja na v = (10, 0), mita kwa sekunde. Zidisha x kwa x, y kwa y, jumlisha:

v·n = 10 × (−0.6) + 0 × 0.8 = −6

Hii ndiyo namba ya kuielewa kuliko zote. Kati ya mwendo wote, 6 ndiyo inayogonga ukuta; alama hasi inasema mpira unaelekea ukutani. Sehemu nyingine, √(100 − 36) = 8, inapita kandokando tu, na tukiacha msuguano haibadiliki.

Hatua ya 3: dundisha.

v mpya = v − 2(v·n)n = (10, 0) + 12 × (−0.6, 0.8) = (2.8, 9.6)

Kwa nini 2? Moja inausimamisha mpira, ya pili inaurudisha. Pima urefu: bado 10.

Hatua ya 4: mpira wa kweli. Niliudondosha mpira wa mtaani kwenye sakafu ya saruji kutoka sentimita 200, ukapanda 98. √(98 ÷ 200) = 0.7, ndiyo sehemu ya kasi inayorudi baada ya kudunda. Badala ya 2 weka 1 + 0.7, yaani 1.7, upate (3.88, 8.16): kasi imeshuka hadi kama 9. Mpira wa makaratasi na nailoni upe namba ndogo zaidi.

Hatua ya 5: mpira usinase. Wangu ulinasa ukutani ukitetemeka, nikahangaika nao usiku kucha. Kanuni ilikuwa sahihi. Shida ni kwamba simu huchora picha moja baada ya nyingine, na inapogundua mgongano mpira umeshazama ukutani. Unageuzwa utoke, picha inayofuata bado uko ndani, unageuzwa tena urudi. Kwa hiyo dundisha pale tu v·n ikiwa hasi, kisha usogeze mpira kufuata n kwa kina ulichozama.

Kwenye kona piga hesabu ya ukuta mmoja kwanza, halafu v mpya uipeleke kwa wa pili.