Unataka kuandika historia ya stesheni ya kwenu? Anzia kwenye tenki la maji

Wengi tunaanza vibaya, mimi wa kwanza. Sentensi ya kwanza tu "Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar mwaka 1905", ya pili Morogoro 1907, ya tatu Tabora 1912, ya nne Kigoma 1914, hapo msomaji keshaenda zake kuangalia mpira. Miaka hiyo utaihitaji ila isubiri kwanza.

Anza na kitu ambacho watu wa kwenu wanakipita kila siku, mfano lile tenki kuukuu pale stesheni. Treni ya moshi ilikuwa inakunywa maji balaa, bila maji haiendi, sasa jiulize kwa nini ilisimama hapa na sio kijiji cha pili? Swali hilo moja linabeba makala nzima.

Au kengele ya shule. Shule kibao kengele yao ni kipande cha reli kimening'inizwa mtini, kaangalie ubavuni, mara nyingine utakuta herufi zimetuna, jina la kiwanda na mwaka. Ila angalia sana, huo ni mwaka chuma kilipotengenezwa, sio mwaka reli ilipofika kwenu, na vyuma huwa vinahamishwa.

Halafu wazee. Hapa usiwe na haraka, nenda na sukari, kaa, na usiulize "ilikuwa mwaka gani" maana mzee atakutajia wowote ule akuridhishe. Uliza ilikuwa kabla ya uhuru au baada, Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa, kichwa kilikuwa cha moshi au dizeli, mabehewa yaliandikwa nini. Akikwambia EAR&H (East African Railways and Harbours, yaani reli na bandari za Afrika Mashariki) basi anza kufikiria 1948 hadi 1969, wakati reli na bandari zilikuwa shirika moja, japo behewa halipakwi rangi mpya siku hiyohiyo shirika linapobadilika, kwa hiyo pima na mengine aliyosema. TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, ndo inachanganya zaidi, ilianza 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, 2007 ikaingia kampuni ya TRL, 2017 TRC ikarudi tena, so lazima uulize TRC ipi bana. Wazee wawili wakipishana andika wote wawili, usichague aliyekuchekesha.

Maneno ya kiufundi punguza. Geji ya mita moja sema tu vyuma viwili vimeachana mita moja, hatua ndefu ya mtu mzima, ile ya SGR, reli mpya ya umeme, ni mita 1.435, basi inatosha. Mataruma kila mtu anayajua.

Ukitaka kuunganisha kwenu na dunia tafuta kitu kilichopita hapo. Kama uko njia ya Kigoma, meli ya Liemba ilitoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku, ikasafirishwa kwa reli, ikaunganishwa na kushushwa Ziwa Tanganyika 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Yaani meli kubwa imepita mbele ya nyumba ya babu yako ikiwa kwenye mabehewa, hiyo usiifiche aya ya saba.

Ukimaliza msomee mtu asiyejali reli kabisa, shangazi au bodaboda wa hapo kijiweni, na pale anapotoa simu mfukoni weka alama ukate. Makala yangu ya kwanza ilikatika nusu, iliyobaki karibu yote ni tenki.