Debian inakukatalia sudo? Tatizo ni akaunti yako

Juzi mpwa wangu kamaliza kusakinisha Debian (mfumo endeshi wa Linux), kaandika `sudo apt update`, yaani amri inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, akajibiwa kwamba jina lake halimo kwenye faili la sudoers, linalosema nani anaruhusiwa kutumia sudo, na tukio hilo litaripotiwa. Akanipigia: "Mjomba, linaripotiwa kwa nani?" Hamna polisi hapo. Linaandikwa tu kwenye kumbukumbu za mashine yenyewe.

Chanzo ni pale kisakinishi kinapokuuliza nenosiri la root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu. Ukilijaza, mtumiaji wa kwanza haingizwi kwenye kikundi cha sudo; ukiacha patupu, anaingizwa. Mimi siku hizi naacha patupu.

1. Kuwa root

`su -`

Hicho kistari usikiache! Mimi kiliwahi kunikesha. Niliandika `su` tupu, nenosiri likakubaliwa, nikaandika `usermod`, amri ya kubadilisha akaunti, naambiwa amri haipo. Nikadhani faili la ISO nililosakinishia ni bovu, nikalipakua upya na bando likaisha, nikasakinisha tena: yaleyale. Kumbe tangu Debian 10 ya mwaka 2019, `su` bila kistari inakuacha na PATH (orodha ya folda ambamo mashine hutafuta amri) ya mtumiaji wa kawaida, ambayo haina `/usr/sbin`, na `usermod` inakaa humo. Ukishanasa, andika `exit`, kisha `su -`. Au itaje kwa njia yake kamili, `/usr/sbin/usermod`. Na usishtuke herufi za nenosiri zisipoonekana unapochapa.

2. Jiingize kwenye kikundi

`usermod -aG sudo jinalako`

Ukisahau `a`, unafutwa kwenye vikundi vyako vingine vya ziada. Kwenye Fedora, Linux nyingine, kikundi kinaitwa wheel. Wapo wanaokuelekeza ufungue `/etc/sudoers` kwa nano, kihariri cha kawaida cha maandishi, usiwasikilize. Ikibidi kulihariri, tumia `visudo`, maana hukagua makosa kabla ya kuhifadhi.

3. Toka, uingie tena

Toka kwenye akaunti kabisa. Mpwa wangu alifungua na kufunga terminali mara tatu akilalamika haijabadilika. Ukirudi, andika `groups` uone kama sudo imo.

Nenosiri la root limepotea?

Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea mashine inapowaka, kabla Debian haijaanza) bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `rw init=/bin/bash`, bonyeza F10. Andika `passwd`, weka jipya, kisha `sync` na `reboot -f`. Halafu rudi hatua ya 1, na kistari chako.